Wifi Alinijibia Nikiwa Juu ya Meza ya Upasuaji

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana huku nyumbani nimechekwa kiasi cha kunitosha. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike mwenye miaka minne, na mimba yangu ya pili imekwisha kuingia mwezi wa tisa. Kazi yangu ni kukaa dirishani kwenye ofisi ya maji nikipokea malalamiko ya watu ambao mabomba yao yamekauka, kwa hiyo matusi nimeyazoea na kelele nimezizoea, na nakwambia haya mapema ili usidhani unaandikiwa na mtu wa kulialia ovyo.

Jambo lenyewe linamhusu wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni nesi wa chumba cha upasuaji kwenye hospitali ninayohudhuria. Kwanza nimtendee haki, wifi si mtu mbaya. Baba yao alipofariki na mama mkwe akawa anashinda kazini, wifi ndiye aliyembeba mume wangu mgongoni, akamlisha, akampeleka shule, na mpaka leo mume wangu ni mtu mzima mwenye kipara kinachoanza lakini mbele ya dada yake hathubutu kukataa hata kuongezewa chai. Tena ni mcheshi, akiingia sebuleni hata televisheni inazimwa, na nilipojifungua alikuja kunifulia nguo za mtoto bila kuombwa. Ndiyo maana jambo hili limenikaa kooni miaka yote hii, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumkasirikia.

Mimba ile ya kwanza uchungu ulianza vizuri tu lakini ukakaa mno, njia haifunguki na mimi nguvu zinaniishia, basi akaja mtaalamu wa usingizi, mzee mmoja mtaratibu mwenye sauti ya chini, akaniketisha kitandani, akaniinamisha kama mtu anayetafuta hereni sakafuni, akanichomekea mgongoni mpira mwembamba wa kupitishia dawa ya ganzi, wenyewe huuita epidurali, na haukupita muda nikaona dunia imerudi, uchungu naujua kwa kuangalia mashine tu, nikaweza hata kumtania mume wangu kwamba kati yetu wawili yeye ndiye anayeonekana mgonjwa. Kisha mtoto akaanza kuchoka, mapigo ya moyo wake yakawa yanashuka, daktari akasema tusingoje, nifanyiwe upasuaji, nikasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu mpaka thieta, chumba chenyewe cha upasuaji, na huko nikamkuta wifi amekwisha kuvaa kofia na barakoa. Nilimtambua kwa macho. Nakuapia, mshauri, nilimshukuru Mungu kumwona, nikasema moyoni sasa nina mtu wangu humu ndani.

Yule mzee akaongeza dawa kwenye mpira, akangoja, kisha akachukua pamba yenye spiriti akawa ananigusa nayo tumboni na kuniuliza kama naisikia baridi, maana ukiisikia ganzi haijakolea. Upande wa kushoto sikusikia kitu, hata angenigusa kwa barafu. Akazungukia upande wa kulia, akagusa, nikafungua kinywa niseme kwamba huku baridi naisikia, na kabla neno halijatoka wifi aliyekuwa amesimama kichwani pangu akasema, "Huyo ni woga tu, daktari. Mimi namjua, ni wifi yangu, hata sindano ya kawaida hulia kabla haijamgusa." Mle ndani wote wakacheka, mzee naye akatabasamu, mtoto hali yake si nzuri, daktari wa upasuaji anauliza kama tuko tayari, na pamba ikarudishwa kwenye sinia.

Wakaanza. Kushoto nilisikia kuguswa na kuvutwa tu, lakini walipofika kulia, mshauri, nilikijua kisu. Sitaki kueleza zaidi kwa sababu gazeti lako linasomwa na wajawazito. Nikasema naumia. Mzee akauliza kwa sauti, "Mama, ni maumivu au ni kuvutwa?" na wifi akajibu, "Ni kuvutwa, daktari," halafu akaniinamia sikioni akaninong'oneza, "Vumilia wifi yangu, usituaibishe, mimi nafanya kazi hapa." Mkono mmoja umefungwa kipimo cha presha, mwingine una dripu, meno yananigongana kwa baridi, machozi yananiingia masikioni, basi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa ajili yake. Mtoto akatolewa, akalia kwa sauti kali nzuri, wifi akamleta mbio akamweka shavuni pangu, na wakati huohuo kule chini mikono yao ikarudi tena upande wa kulia, nikageuza uso nikauma shuka. Hapo ndipo yule mzee alipoitazama mashine, akanitazama mimi, akasema jambo kwa ukali na kunipa dawa kwenye mshipa, na baada ya hapo ninachokumbuka ni dari ya wodini.

Wifi alirudi nyumbani na hadithi. Hadithi ni kwamba mtoto aliletwa kwa mama yake na mama akamgeuzia kisogo, eti labda alikuwa anataka wa kiume. Anaisimulia kwa utani, hana ubaya, anaigiza na uso wangu, anakunja pua, anageuza shingo, watu wanashika mbavu, na mimi nimecheka nao miaka yote minne kwa sababu ukikataa kucheka unaambiwa una hasira za karibu. Sasa mwezi uliopita nilikuwa namsuka binti yangu, amekaa katikati ya miguu yangu, akaniuliza bila kugeuka, "Mama, kwani mimi ulinikataa?" Nikamuuliza nani kakwambia. Akasema, "Shangazi, siku ile ya wageni." Nikamwambia ni utani wa shangazi, nikaendelea kusuka, naye akauliza, "Na huyu wa tumboni utamkataa?"

Tangu siku hiyo nimeazimia, mshauri, na mimi nikiazimia sirudi nyuma. Daktari amesema lazima nifanyiwe upasuaji tena, sababu amenieleza na nimezielewa, tarehe nimepewa, na amesema watatumia mpira wa mgongoni kama mara ya kwanza. Wifi aliposikia akabadilishana zamu na mwenzake ili awepo. Alikuja Jumapili kututangazia, akasimama katikati ya sebule akasema, "Nitakaa mwenyewe kichwani pake. Safari hii hageuki, nitamshika kidevu!" Mama mkwe akampigia vigelegele, mume wangu akaniambia nina bahati, wanawake wengine wanaingia mle kwa watu wasiowajua. Tulipobaki wawili nikamwambia naogopa maumivu, akanijibu kwa upole kabisa, "Basi waombe wakulaze moja kwa moja. Ukiamka mtoto yuko pembeni, yamekwisha." Lakini mimi sitaki kulala. Nataka niwe macho, mtoto akiletwa nimtazame mpaka yeye ndiye achoke kutazamwa.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Siku ya tarehe siendi. Nitakwenda kwa mama yangu mzazi, nitulie huko mpaka uchungu uanze wenyewe, kisha nikimbizwe hospitali wakati zamu ya wifi imekwisha, maana ratiba yake sasa naijua kuliko yangu. Mama nimemwambia nusu ya jambo, amesema hiyo ni akili. Wewe unasemaje? Na nitamwondoaje wifi kichwani pangu bila kuibomoa nyumba yangu? Na kuna swali ambalo sijamuuliza mtu yeyote: je, yale maumivu yalikuwa ya kweli au ndivyo upasuaji ulivyo na mimi ndiye mwoga?

Ni mimi,
Wa Dirisha la Malalamiko

*

Wa Dirishani,

Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama.

Nianze na la hatari, kwa sababu mengine yanaweza kungoja kidogo na hili haliwezi. Futa mpango wa kujificha kwa mama. Ufute leo. Mfuko wako wa uzazi una kovu, na daktari aliyekupima amekupa sababu za kutoungoja uchungu, tena mwenyewe unasema umezielewa. Uchungu ukianza wewe uko sebuleni unapiga hesabu za zamu ya wifi, kovu hilo linaweza kuachia, na likiachia hakuna atakayeuliza nani yuko kazini. Unaweza kumpoteza mtoto, na binti yako anaweza kukupoteza wewe. Mama yako mpe salamu zangu, mwambie akili anayo lakini siku hiyo aliisahau jikoni. Na ikitokea uchungu ukaja wenyewe kabla ya tarehe, unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama anayekufungulia mlango ni wifi.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Mimi si daktari, na sipendi washauri wa magazetini wanaojifanya madaktari. Nilimtafuta mtaalamu wa usingizi asiyekujua wewe wala wifi yako, nikamsomea sehemu ile ya pamba na ile ya kisu. Akaniambia, "Huyo mama alikuwa anasema kweli. Dawa ya kwenye ule mpira wakati mwingine inaelemea upande mmoja. Ndiyo maana tunapima pande zote mbili, na ndiyo maana tunamuuliza mwenyewe." Nikamuuliza, basi mtu anatakiwa asikie nini? Akasema, "Atasikia kuguswa, kusukumwa, kuvutwa, na pengine asipende. Hilo tunamweleza kabla halijafika. Lakini kitu kikali, kinachochoma au kukata, si kazi yake kukivumilia. Ni kazi yangu kukiondoa."

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kisha mpe na mumeo aisome. Hukuwa mwoga. Uliumia kweli, na ulisema.

Aliniambia pia kwamba ganzi isipokolea kabla ya kuanza, zipo njia: kuusogeza mpira, kuongeza dawa, au kuchoma sindano nyingine ya mgongoni. Wakiwa wamekwisha kuanza wanaweza kusimama wakaongeza dawa kwenye mpira au kwenye mshipa, na yote yakishindikana wanamlaza mgonjwa usingizi kabisa. Kulazwa hakuna aibu, na ikifika siku hiyo daktari akaona ndiyo salama yako, kubali na ulale ukijua hujashindwa kitu. Lakini kulazwa kabisa kuna hatari zake, na ni tiba ya ganzi iliyogoma. Si tiba ya wifi.

Sasa ngoja nikukaripie, maana nisipokukaripia mimi hakuna atakayethubutu, na hiyo hasira yako naipenda lakini umeielekeza kusiko. Unalipwa mshahara kusikiliza mabomba ya watu, na lalamiko la mwili wako mwenyewe umelimeza miaka minne. Sisemi juu ya ile meza. Pale ulikuwa chali, tumbo wazi, mikono yote miwili ina kazi, na mwenye sauti alikuwa mwenyeji wa chumba. Asiyewahi kulala pale asikulaumu. Nasema kuhusu baada ya pale. Mumeo anaishi na hadithi ya dada yake kwa sababu ya kwako hujampa. Ulimwambia "naogopa maumivu," naye akakupa jawabu la mtu aliyeambiwa hivyo. Hukumwambia, "Nilipasuliwa nikiwa nahisi." Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe umemwangukia mtoto uliyekuwa ukimsuka.

Kwa hiyo unaanza na mumeo, tena leo, kabla gazeti hili halijafungiwa karanga. Zima televisheni wewe mwenyewe. Mwambie alivyojibu dada yake, na mara ngapi, na alivyokunong'oneza. Usitie chumvi, wala usipunguze kwa kumwonea huruma. Atasema dada hakukusudia. Mkubalie, kwa sababu ni kweli, kisha endelea kusema mpaka umalize. Na akikuuliza kwa nini hukusema zamani, mwambie ulikuwa unalinda heshima ya dada yake, na sasa unalinda tumbo lako.

Wifi yako namwelewa kuliko unavyofikiri. Kwetu mtu akiuliza "Huyu anakunywa chai ya maziwa?" ndugu wa pembeni ndiye anayejibu, na anajibu kwa mapenzi, na mara nyingi anapatia. Alikwenda na tabia hiyo ya sebuleni mpaka thieta. Tena alikuwa na haraka, mtoto mapigo yanashuka, wenzake wanamtazama, na hakutaka wifi yake aonekane msumbufu mbele ya wakubwa wake wa kazi. Naelewa yote hayo na bado nasema alikosea, na alikosea vibaya, kwa sababu baridi ya pamba haiwezi kusikika kwenye ngozi ya mtu mwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hata kama wewe ndiye unayekitandika kila siku.

Nani amwambie? Mumeo. Dada ni wake. Wewe uwepo, umekaa karibu yake, lakini neno la kwanza litoke kwake, maana likitoka kwako litaitwa maneno ya mke, na litazungushwa ukoo mzima kabla maji ya chai hayajachemka. Najua anamwogopa. Hata mimi naanza kumwogopa. Lakini mwanamume anayengoja mtoto wa pili anaweza kutafuta siku moja katika maisha yake ya kumwambia dada yake hapana. Aseme hivi, au kwa namna yake: "Dada, siku ile tunakuhitaji uwe shangazi, usiwe nesi. Kaa nje na mama. Mtoto akitoka, baada ya sisi wazazi, wa kwanza kumpokea ni wewe." Mpeni nafasi hiyo kwa moyo mweupe, anaistahili kwa yote aliyowatendea. Atanuna. Mwacheni anune, kununa hakujawahi kumpasua mtu.

Akikataa, na akija na ile habari ya kukushika kidevu, msibishane naye. Chumba cha upasuaji kina msimamizi wake. Mwendeeni kwa adabu, umwambie unaomba anayekuhudumia asiwe ndugu yako, na useme sababu. Hilo ni ombi la kawaida, utashangaa litakavyopokelewa bila kelele. Kwanza manesi wengi wenyewe hawapendi kuwahudumia ndugu zao, kwa kuwa mikono inatetemeka.

Na kuna safari ya kwenda kwa mtaalamu wa usingizi, hii usimwachie mtu. Omba kumwona kabla ya siku ya upasuaji. Usiende ukasema "naogopa," kwa sababu neno hilo analisikia kutwa na amekwisha kulitengenezea tabasamu. Sema jambo lenyewe: "Mara ya kwanza kushoto nilikufa ganzi, kulia sikufa ganzi, na nilihisi upasuaji." Ukisema hivyo ataweka kalamu chini akutazame. Mwombe apime pande zote mbili, kuanzia chini mpaka kifuani, na asiruhusu kisu mpaka wewe mwenyewe umesema kote kuko sawa. Mkubaliane neno moja la kusimamisha kazi, na kama mdomo utashindwa basi mkubaliane alama, kidole kuinuliwa kinatosha. Muulize kama hospitali inaruhusu mumeo akae kichwani pako. Ikikubali, huyo mumeo umfundishe mapema kwamba kazi yake mle ndani ni kukushika mkono na kufunga mdomo. Ile baridi ya kugonganisha meno nayo iseme, ni ya kawaida kwa wengi na blanketi la joto lipo, likiombwa linaletwa. Kichefuchefu kikija kina dawa, kitaje mara tu kinapoanza. Omba mkono usiwekewe kitu zaidi ya kinachohitajika, ili upate wa kumgusia mtoto. Omba mtu akuambie kila hatua kabla haijafika, sasa utasikia kuvutwa, sasa tunamtoa, maana mwili ulioarifiwa haushtuki ovyo. Na mtoto akiwa tayari kutoka, muulize kama pazia linaweza kushushwa kidogo umwone anavyofika. Huenda wakakubali, huenda wasikubali, lakini asiyeomba hupewa kilichobaki.

Hayo yote si deko. Daktari wa upasuaji anafanya kazi yake vizuri zaidi mgonjwa akiwa ametulia, na mgonjwa hutulia anapojua kwamba akisema atasikilizwa.

Nimemwacha binti yako makusudi nije kwake taratibu. Ulimwambia ni utani, naye hakukuamini, ndiyo maana akauliza la pili. Mtoto wa miaka minne hajui utani wa wakubwa, anajua tu kwamba jina lake limetajwa na watu wamecheka. Mrudie. Usingoje akuulize tena, anaweza asikuulize. Mketishe palepale pa kusukia na umwambie, baba yake akisikia, kwamba siku aliyozaliwa mama alikuwa na maumivu makali sana, na mtu mwenye maumivu makali hufumba macho na kugeuza uso, hata yeye hufanya hivyo akichubuka goti. Mwambie yeye ndiye aliyekuwa kitu kizuri kuliko vyote mle ndani, na kwamba ulimsikia analia na ukaijua sauti. Ukimaliza mwache aulize anachotaka, hata kama ataishia kuuliza habari za goti.

Na ile hadithi ikianza tena sebuleni, na itaanza, maana kila msimulizi hurudia iliyomletea kicheko, wewe usicheke. Huna haja ya kufoka wala kuondoka. Sema tu, "Haikuwa hivyo," kisha ueleze ilivyokuwa, kwa sauti unayotumia dirishani kwako. Watabaki na vikombe mkononi. Hapo hadithi itakuwa imepata mwenyewe.

Nawe wifi mtu, kwa kuwa najua ukurasa huu huusomi bali huuangalia tu kila wiki ukipita: mkono uliomlea huyo bwana naupigia saluti. Nenda kaombe radhi. Usimtumie mama yako, usimtumie kaka yako, na usiifanye iwe ya kuchekesha. Kisha rudi kazini, na mwanamke mwingine akilazwa kwenye ile meza akasema upande mmoja bado una baridi, wewe uwe wa kwanza kumwambia daktari arudi na pamba.

Dada yangu wa dirishani, azma unayo, na imebaki kuipa njia sahihi. Leo mumeo, kesho mtaalamu wa usingizi, na kabla wiki haijaisha wifi. Siku yenyewe utalazwa mezani ukiwa macho, utaguswa kushoto, utaguswa kulia, na utaulizwa unasikia nini. Patakuwa na kimya kidogo kabla hujajibu. Kimya hicho ni chako. Yeyote atakayetaka kukijaza, awe daktari, awe mumeo, hata niwe mimi, mwambie, "Nimeulizwa mimi." Kisha jibu.